Kura Moja ya Agosti: Namna ya Kumsoma Mwakilishi Mpya

Aghalabu raia anayetaka kumjua mwakilishi wake mpya humpima kwa hotuba zake, kwa picha zake magazetini na kwa mahudhurio yake misibani na arusini. Lakini katika mabaraza yanayoandika kura za wajumbe kwa majina, iko shahada iliyo bora kuliko zote hizo, nayo ni kumbukumbu ya kura, ambamo kila ndiyo na kila hapana ya mtu huyo imehifadhiwa pamoja na tarehe yake, isiweze kufutwa wala kupambwa. Shahada hiyo, hata hivyo, si nyepesi kusomeka. Mwenye kuipitia kwa haraka huhesabu ni mara ngapi mjumbe alifuatana na chama chake, akapata kiasi fulani kwa mia, akadhani amekwisha kumjua, ilhali hesabu hiyo huficha mengi kuliko inayoyafichua. Ili kulidhihirisha jambo hili nimemchagua mwakilishi mmoja wa Marekani, Marjorie Margolies-Mezvinsky wa Pennsylvania, aliyeingia katika Baraza la Wawakilishi Januari 1993 na kutoka Januari 1995, kwa kuwa katika muhula wake huo mmoja kura na wilaya viligongana waziwazi kuliko katika mifano mingi niijuayo.

Kwanza tuijue asili ya kumbukumbu yenyewe. Katiba ya Marekani, katika ibara yake ya kwanza, imeamuru kwamba sehemu moja katika tano ya wajumbe waliohudhuria wakitaka, ndiyo na hapana za wote ziandikwe katika kitabu cha mwenendo wa Baraza. Maana yake ni kuwa pasipo kutakwa, haziandikwi; na mambo mengi hupita kwa sauti, kama msomaji wa Dodoma alivyozoea kumsikia Spika akisema kwamba anadhani walioafiki wameshinda, bila ya kujulikana ni nani aliyenyamaza. Tena kwa muda mrefu sana mabadiliko ya miswada, ambayo mara nyingi ndiyo kiini cha sheria, yaliamuliwa katika Kamati ya Baraza Zima kwa wajumbe kupita mbele ya wahesabuji na kuhesabiwa vichwa pasipo majina, hata sheria ya mwaka 1970 ilipofungua mlango wa majina hayo kuandikwa. Mtambo wa umeme ulianza kutumika mwaka 1973. Tangu hapo mjumbe huitia kadi yake katika kisanduku, akabonyeza kitufe, na jina lake ukutani likawekewa taa ya kijani kwa ndiyo au nyekundu kwa hapana. Muda wa kawaida ni dakika 15, lakini Spika anaweza kuurefusha. Na yule ambaye mtambo umemfungia, ama kwa kuchelewa ama kwa kusitasita, huteremka hadi kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya kiti cha Spika, akachukua kadi ya karatasi, ya kijani, au nyekundu, au ya rangi ya chungwa kwa asemaye tu kwamba yupo, akaitia sahihi kwa mkono wake mbele ya macho ya wote, na kumkabidhi karani.

Ama wilaya, hiyo ilikuwa wilaya ya uchaguzi ya 13 ya Pennsylvania, yenye watu zaidi ya 560,000, na karibu yote ilikuwa ndani ya kaunti ya Montgomery, kaskazini-magharibi mwa jiji la Philadelphia. Upande wake wa kusini upo ule mlolongo wa vitongoji uliokua kandokando ya reli iendayo magharibi, Narberth, Ardmore, Bryn Mawr na wenziwe, penye nyumba za mawe zenye bustani kubwa, vyuo vya tangu zamani, na watu ambao kodi ya mapato si neno la magazetini kwao bali ni hati wanayoitia sahihi kila Aprili kwa uchungu. Na humo humo upo mji wa Norristown, makao makuu ya kaunti, wenye wafanyakazi na wahamiaji ambao mambo yao ni mengine kabisa. Tangu mwaka 1916 wilaya hiyo haikupata kumchagua Mdemokrat. Lawrence Coughlin, Mrepublican, aliishika toka mwaka 1969, na alipotangaza kustaafu, viongozi wa chama chake walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba urithi utabaki nyumbani. Lakini ardhi ilikuwa imeanza kusogea chini ya miguu yao: katika mwaka 1992 Bill Clinton alishinda katika kaunti ya Montgomery, jambo ambalo hakuna Mdemokrat mgombea urais aliyelipata tangu mwaka 1964, na Margolies-Mezvinsky, mwandishi wa habari wa televisheni aliyejulikana kwa sura na sauti, alimshinda Jon Fox kwa kura 1,373 katika kura zaidi ya 250,000. Akawa mwanamke wa kwanza wa Pennsylvania kuingia katika Baraza hilo pasipo kurithi kiti cha mumewe, mmoja wa wajumbe wapya 110 wa mwaka ule, ambao kati yao wanawake walikuwa 24.

Msomaji aitie moyoni nambari hiyo, 1,373. Mjumbe aliyeshinda kwa tofauti kama hiyo hana akiba ya kutumia. Kila kura yake atakayoipiga ina watu wanaoweza kuiona kuwa sababu ya kumwacha, na hao wakiwa 700 tu na wakahamia upande wa pili, kiti kimekwenda.

Kisha ukaja mswada wa bajeti. Clinton alikuwa ameikuta nakisi ya serikali ikiwa dola bilioni 290 katika mwaka wa fedha 1992, akaleta mpango wa kuipunguza kwa kiasi cha dola bilioni 500 katika miaka mitano, nusu kwa kupunguza matumizi na nusu kwa kuongeza kodi, au tuseme takriban nusu, kwa kuwa vyama viwili havikupata kukubaliana namna ya kuhesabu. Mei 27 Baraza liliupitisha mswada kwa kura 219 dhidi ya 213, na jina la Margolies-Mezvinsky likaandikwa upande wa hapana, kama alivyokuwa amewaambia watu wake. Katika sura ile ya Mei ilikuwamo kodi ya nishati zote, iliyopimwa kwa kiasi cha joto linalotolewa. Baraza la Seneti liliiondoa, na badala yake ikawekwa nyongeza ya senti 4.3 kwa kila galani ya petroli. Mswada uliorejea Agosti kutoka katika kamati ya maridhiano ulipandisha kodi ya mapato hadi asilimia 36 kwa mume na mke waliochuma zaidi ya dola 140,000 kwa mwaka, na hadi asilimia 39.6 kwa waliopindukia dola 250,000; ukapandisha kodi ya makampuni makubwa hadi asilimia 35; ukaongeza sehemu ya malipo ya uzeeni inayotozwa kodi kwa wazee wenye kipato kizuri; na kwa upande wa pili ukawazidishia nafuu wafanyakazi wa ujira mdogo wenye watoto. Mwenye kuuchora mswada huu juu ya ramani ya wilaya ya 13 angeona kwamba mzigo ulielekea Bryn Mawr na nafuu ilielekea Norristown, na hapana shaka yoyote ni upande upi uliokuwa na desturi ya kujitokeza kwa wingi siku ya uchaguzi.

Usiku wa Agosti 5, hesabu haikutimia. Warepublican wote 175 walisema hapana, na Wademokrat 41 wakaandamana nao. Mwakilishi wetu alikuwa amekwisha kuwaambia watu wake tena kwamba ataupinga mswada; Rais akampigia simu, na jibu lake lilikuwa kwamba hatauunga mkono ila ikiwa kura yake ndiyo itakayouokoa, na kwamba yeye ataka uitishwe mkutano wa hadhara juu ya matumizi yale makubwa ya serikali yanayokua yenyewe kila mwaka, ya uzeeni na ya matibabu. Muda wa mtambo ukaisha. Akateremka hadi mbele ya kiti cha Spika, wenzake wa chama wamemzunguka kama wanaomsindikiza, akachukua kadi ya kijani na kuitia sahihi. Na Warepublican upande wa pili wa ukumbi, walipoona rangi ya kadi, wakaanza kumpungia mikono na kumwimbia kwaheri kwa jina lake. Ikatangazwa 218 dhidi ya 216. Kesho yake maseneta waligawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Al Gore akaimaliza kwa kura yake.

Tangu siku ile ilisemwa, na husemwa hata leo, kwamba yeye ndiye aliyeipitisha bajeti ya Clinton. Hapa mtaalamu hana budi kusimama na kuhesabu. Katika Baraza la Wawakilishi, kura zikilingana hoja imeanguka; basi laiti mmoja yeyote katika wale 218 angegeuka, ingekuwa 217 kwa 217, na mswada ungekufa. Kura ya mzee wa Chicago aliyebonyeza kitufe katika dakika ya kwanza, akaenda kunywa kahawa, ilikuwa na nguvu ile ile hasa iliyokuwa nayo kadi ya kijani. Tofauti ni kwamba yeye hakuonekana. Na hakuwa peke yake katika kusubiri: Pat Williams wa Montana, aliyekuwamo Barazani tangu mwaka 1979, naye alizuia kura yake hadi mwisho, akaitoa ndiyo. Montana ilikuwa imepoteza moja ya viti vyake viwili baada ya sensa ya mwaka 1990, hata Williams akawa anawakilisha jimbo zima lenye ukubwa wa nchi. Na mwaka 1994 watu wake walimrudisha. Kura moja, saa moja, wilaya mbili, na hukumu mbili. Mwenye kutafuta sababu ya kushindwa au kushinda katika kura peke yake, bila ya kutazama umri wa mjumbe katika kiti na ardhi aliyosimama juu yake, hatafika popote.

Hapo ndipo ninapozilaumu zile hesabu za kila mwaka zinazotolewa na vyama vya kushawishi na kunukuliwa kama hukumu ya kadhi. Jumuiya moja ya mrengo wa kushoto, Americans for Democratic Action, imekuwa ikiwapa wajumbe alama tangu mwaka 1947, na wapinzani wake wa mrengo wa kulia wakaanza ya kwao mwaka 1971. Wote huchagua kura chache katika mamia, na mchaguzi wa maswali ana mkono katika majibu. Zile hesabu pana zaidi, zinazojumlisha kura zote, zina ila nyingine: ndiyo ya Agosti 5 hupata mstari mmoja, na ndiyo ya kuipa posta ya kijijini jina la marehemu fulani nayo hupata mstari mmoja. Fauka ya hayo, hapana ya Mei na ndiyo ya Agosti zikiwekwa pamoja hufutana, akatokea mjumbe wa katikati asiye na rangi, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyepaka rangi kali zaidi katika mwaka mzima ule.

Je, alifanya sawa? Suala hili ni la zamani. Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mwakilishi anadaiwa na watu wake rai yake mwenyewe, si bidii yake tu, nao baada ya miaka sita wakamwonyesha kuwa hawakuafiki, akajitoa kabla ya kushindwa. Mimi naona Burke alisema kweli, na naona pia kwamba kweli yake haimtoshi mtu aliyetoa ahadi. Mjumbe aliyenyamaza ana uhuru wa kupima. Aliyesema mbele ya kadamnasi kwamba atapinga amekwisha kuuweka rehani uhuru huo, na akiukomboa usiku mmoja kwa sababu nzuri, bado mwenye rehani anayo haki ya kudai. Kwa rai yangu, mswada ule ulikuwa bora kuliko nakisi iliyokuwapo, na kura ya ndiyo ilikuwa kura njema. Kosa lilitangulia, katika ahadi isiyoacha nafasi ya kufikiri. Wala simwoni mwoga. Mwoga angebonyeza nyekundu na kulala.

Mkutano alioutaka ulifanyika Desemba 1993 katika chuo cha Bryn Mawr, na Rais akahudhuria. Haukumwokoa. Novemba 1994 Jon Fox, yule yule wa kura 1,373, alimshinda kwa takriban asilimia 4, katika mwaka ambao Wademokrat walipoteza viti 54 na kulikosa Baraza kwa mara ya kwanza katika miaka 40; wajumbe wao 34 waliokuwa wakitetea viti waliangushwa, na hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeangushwa. Nakisi nayo iliendelea kushuka, hata mwaka wa fedha 1998 hazina ikapata ziada, ingawa insafu yataka tuseme kwamba neema ya uchumi wa miaka ile na mapatano ya bajeti ya mwaka 1997 vina sehemu yao katika sifa hiyo.

Ama wilaya, haikukaa ilipokuwa. Mwaka 1996 Fox aliponea kwa kura 84 tu mbele ya Mdemokrat Joe Hoeffel, na mwaka 1998 Hoeffel akampokonya kiti, ambacho chama cha Margolies-Mezvinsky kiliendelea kukishika. Yeye mwenyewe alirudi kukigombea mwaka 2014, zaidi ya miaka 20 baada ya kadi ya kijani, akashindwa na Brendan Boyle katika uchaguzi wa ndani wa chama chake. Watu wengi waliiandika habari hiyo kama hukumu ya pili juu ya kura ile ile, lakini mipaka ilikuwa imechorwa upya: wilaya ya 13 ya mwaka 2014 ilikuwa imeingia ndani kabisa ya kaskazini-mashariki ya jiji la Philadelphia, alikotoka Boyle, na wengi wa waliopiga kura huko hawakupata kamwe kuwa watu wake.