Mifupa ya Wanaanga na Mifupa ya Bibi Zetu

Mwezi uliopita niliulizwa swali moja mara kumi na moja, nami nina yakini na hesabu hiyo kwa sababu tangu mara ya tatu nilianza kuweka kistari cha kalamu ya risasi ukingoni mwa daftari langu kila lilipotamkwa: "Daktari, ile mashine ya wanaanga, hapa kwenu mnayo?" Walioniuliza si watu wa kudharauliwa. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mstaafu wa hesabu, nahodha aliyezeeka baharini, na karani wa benki aliyemleta bibi yake mzaa baba. Na kila mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayestahi umaskini wa nyumba aliyokaribishwa.

Mashine wanayoikusudia naijua. Ni kisanduku cha plastiki kinachotosha mkobani, chenye waya mmoja uendao kwenye kompyuta na waya wa pili unaoishia kwenye kijiti cha chuma king'aacho, chenye unene wa tochi ndogo. Mgonjwa hukikamata kijiti kiganjani, muuzaji huandika jina, umri, jinsia, urefu na uzani, na baada ya dakika moja na kitu printa hutoa kurasa thelathini na zaidi zenye kueleza habari za ini, figo, moyo, damu, macho, na, hili ndilo lililonitia kalamu mkononi, kiasi cha madini yaliyomo mifupani. Mwishoni huorodheshwa dawa, na dawa hizo huuzwa na yule yule aliyepima. Biashara hii hufanyika asubuhi katika kumbi za harusi zisizokuwa na harusi, na hoja inayowashinda watu wenye akili zao ni kwamba ilimu iliyomo kisandukuni ndiyo ile ile inayotumika kuwapima wanaanga wakiwa huko juu.

Bibi wa karani yule alikuwa na miaka 72. Majani yake yalikuwa ndani ya bahasha ya kaki, yamekunjwa kwa taadhima kama hati ya shamba, na ukurasa wa mifupa ulikuwa wa kijani kutoka juu hadi chini: madini yatosha, viungo salama. Lililohofiwa lilikuwa ini, na chupa mbili za dawa ya ini zilikwisha kununuliwa. Nilipomsimamisha penye ukuta nilimkuta amepungua vidole vitatu kutoka urefu ulioandikwa katika kadi yake ya zamani ya kliniki, na picha ya mgongo ilipotoka, pingili mbili zilionekana zimebonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Na sababu yake yote ilikuwa kuinua ndoo ya maji isiyojaa. Mifupa iliyopungukiwa namna hiyo aghalabu haitoi ishara yoyote mpaka siku inapovunjika, kwa hiyo karatasi ya kijani ina madhara kuliko kukosa karatasi kabisa.

Nikamwita muuzaji. Alikuja upesi, pengine akidhani nataka kununua, nami sikumwondoa katika dhana hiyo. Mara ya kwanza nilishika kijiti kwa jina langu na umri wangu wa kweli, nikaambiwa nina macho dhaifu, jambo ambalo miwani yangu ilikwisha kulitangaza. Mara ya pili, kwa mkono ule ule na juu ya kiti kile kile, nilimwomba aandike kwamba mimi ni mwanamke wa miaka 30, naye kwa adabu akaandika. Kisanduku kikanipa habari za mfuko wangu wa uzazi, nao, alhamdulillahi, ulikuwa katika hali njema. Mara ya tatu nilimrudisha kwenye umri wangu, nikalowesha leso, nikakizungushia kijiti, nikakilaza mezani pasipo mkono wa mtu. Leso ile ilikutwa imepungukiwa na madini ya chokaa, na ini lake lina mafuta kidogo. Muuzaji alisema mashine imechoka kwa safari.

Majibu hayo hayana ajabu kwa mtu anayejua kilichomo. Kijiti kinaposhikwa, umeme hafifu hupita katika ngozi ya kiganja, na kinachopimwa, kama kinapimwa chochote, ni wepesi wa ngozi hiyo kupitisha umeme, ambao hubadilika kwa jasho, kwa joto la chumba na kwa nguvu ya kushika. Yaliyosalia hutungwa na programu kutokana na umri na jinsia alivyoviandika muuzaji mwenyewe, na ndiyo maana leso iliyopewa umri wangu ilipata maradhi ya marika yangu. Madini ya mfupa wa nyonga, uliozama ndani ya nyama na mafuta ya paja, hayajulikani kiganjani. Hupimwa kwa eksirei za nguvu mbili tofauti zinazopitishwa nyongani na kiunoni, na kwa kuwa mfupa na nyama havizizuii eksirei hizo kwa kiasi kimoja, tofauti hiyo hufanyiwa hesabu na madini yakajulikana. Mgonjwa hulala juu ya meza muda mfupi. Hashiki kijiti, wala hauziwi dawa ya ini akishuka.

Na hapa ndipo penye mzizi wa hadaa. Wanaanga wa kweli, wale wanaokaa miezi sita katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, hupimwa mifupa kwa mashine hiyo hiyo ya eksirei, nao hupimwa hapa hapa ardhini, kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Lau kungekuwako kijiti cha kiganjani chenye kutambua mfupa uliopungua, kitu chepesi kisichofika kilo, mataifa yanayotumia mamilioni kupeleka mzigo mdogo juu yasingekuwa na sababu ya kungoja mtu arudi ndipo apimwe. Hawakukificha. Hawanacho.

Wanapimwa kwa sababu mifupa yao huliwa. Mfupa hai huvunjwa na kujengwa daima, na wajenzi wake hufanya kazi kwa kadiri ya mzigo wanaotwishwa. Mzigo ukiondoka, kama unavyomwondokea mtu aeleaye pasipo uzani, wajenzi hulegea na wavunjaji huendelea kama kawaida, na madini yaliyobomolewa hutoka kwa njia ya mkojo, hata mawe ya figo yakawa miongoni mwa mambo wanayoyahofia matabibu wa anga. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi cha 1 hadi 2 kwa mia ya mfupa wake kwa mwaka. Mwanaanga, mtu mwenye siha aliyechaguliwa miongoni mwa maelfu, alikuwa akipoteza 1 hadi 1.5 kwa mia katika nyonga kwa mwezi mmoja. Yampatayo bibi kwa mwaka yalimpata yeye kwa mwezi, na kwa hiyo tabibu wa mifupa, ambaye kwa desturi hungoja miaka kuona ugonjwa ukitembea, hupata huko juu fursa ya kuuona ukienda mbio. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya safari hizo kwa watu wa kazi yangu.

Na dawa waliyoipata ni ipi? Hapa wauza visanduku hawatafurahi. Ni jasho. Tangu mwaka 2008 kituoni pana chombo ambacho, kwa kuwa vyuma vya mazoezi havina uzito huko, hutumia mitungi iliyoondolewa hewa kumpa mtu upinzani ufikao kama kilo 270. Mwanaanga hukisukuma kwa mabega na mapaja, kisha hukimbia juu ya mkanda akiwa amefungwa kamba za kumvuta chini asielee, na shughuli hizo humla kama saa mbili kila siku. Kwa kazi hiyo, pamoja na chakula cha kutosha na vitamini D, upotevu ulipungua sana. Baadhi yao waliongezewa alendronate, kidonge cha miligramu 70 kimezwacho mara moja kwa juma, nacho kilikuwa kikitumiwa na bibi zetu kabla ya kupanda kwa wanaanga, kwa hiyo msaada huo haukushuka kutoka angani, bali ulipelekwa huko kutoka ardhini. Tabibu Mrusi Valeri Polyakov alikaa juu siku 437 mfululizo, akifanya mazoezi kwa bidii, na aliposhuka mwezi Machi 1995 alitaka kutembea mwenyewe ile nafasi fupi kutoka chomboni hadi kitini, ili ijulikane kwamba inawezekana. Hapana aliyemshikisha kijiti.

Sasa nije kwenye lililonikera kuliko kisanduku. Bibi yule, tangu alipoanza kuumwa mgongo, alikuwa amelazwa na wanawe miezi mitatu. Walifanya hivyo kwa mapenzi: asishike ndoo, asikanyage ngazi, chakula apelekewe chumbani, hata kuchambua mchele, kazi aliyoipenda, ameondolewa. "Tumemwambia apumzike, Daktari, ametulea vya kutosha." Sasa hebu msomaji azingatie jambo hili. Wataalamu walipotaka kuchunguza madhara ya kukosa uzani pasipo gharama za roketi, hila waliyoibuni ilikuwa ni kumlaza mtu mzima wa afya kitandani, kichwa kikiinamishwa nyuzi sita chini kuliko miguu, asinyanyuke kula wala kuoga wala kwenda haja. Huko Cologne, Ujerumani, watu wamelipwa walale hivyo siku 60, na Moscow katika miaka ya themanini wako waliolazwa siku 370. Kitanda kilichaguliwa kwa sababu hudhuru mifupa na misuli kwa njia inayokaribia sana ile ya anga. Wale walilipwa, wakachunguzwa, kisha wakasaidiwa kurudi katika hali yao. Bibi zetu tunawalaza bure na hakuna anayewapima. Mjini Dallas, Marekani, mwaka 1966, vijana watano wa miaka 20 walilazwa majuma matatu, na walipopimwa tena baada ya miaka 30 ilidhihirika kwamba majuma yale matatu yaliupunguza uwezo wa miili yao kufanya kazi ngumu kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Mwenye kuvunjika leo sharti atibiwe na apumzishwe kwa siku atakazoambiwa na tabibu wake, hilo halina ubishi. Lakini pumziko lisilo na tarehe ya mwisho ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Nisidhaniwe napuuza ilimu ya anga, maana manufaa yake ya kweli yako karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakitazama kwa satelaiti joto la Bahari ya Hindi na ukijani wa malisho yetu walitoa onyo kwamba homa ya Bonde la Ufa inanukia, majuma kadhaa kabla haijazuka Garissa mwezi Desemba. Mwaka uliofuata ikawafikia wafugaji wa Tanzania. Wanaanga wasiokuwa matabibu wamefundishwa kupiga picha za altrasaundi wakielekezwa kwa sauti na mtaalamu aliye ardhini, na zahanati ya kisiwani ingeweza kufanya vivyo hivyo. Nasi wa pwani hii tuna sehemu yetu: kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Wamarekani iliyoitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Kenya, ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni. Hata nyota, basi, hawakuzipima kwa kijiti.

Yaliyobaki nitayasema upesi, kwani hayana siri. Tembea kila siku mpaka pumzi ianze kukuzidi, nusu saa yatosha kwa kuanzia. Inuka kitini pasipo kushika mikono, mara kumi, asubuhi na jioni. Panda ngazi. Beba mzigo unaoumudu, lakini mwenye pingili iliyokwisha kubonyea asiiname kuinua kitu mpaka afundishwe namna. Kula dagaa pamoja na miiba yao, mtindi, maharage na mboga za majani. Mwenye kushinda ndani, au anayejifunika mwili mzima, atafute mahali pa faragha uani apate jua mikononi na miguuni. Ugoro na sigara viachwe. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri visiguswe, maana vingi vina dawa inayokausha mifupa. Ondoa mkeka unaoteleza, weka taa njiani kwendea chooni na kishikio ukutani. Aliyevunjika kwa kuanguka kidogo baada ya miaka 50, au aliyepungua urefu, aombe kipimo cha eksirei; kipo katika hospitali chache za miji mikubwa, na nauli ya kukifuata ni rahisi kuliko zile chupa mbili. Akiandikiwa alendronate, aimeze asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha asilale kwa nusu saa.

Bibi wa karani amerudishiwa ungo wake wa mchele, na sasa huja kliniki kwa miguu kutoka kituo cha basi, mjukuu akimfuata nyuma na mkoba. Ama wale watakaokuja juma lijalo na swali lao la kumi na mbili, jibu wachukue hapa hapa wasije wakasumbuka kupanga foleni: mashine hiyo hatunayo, wala hatutainunua. Ngazi tunazo, ziko mkono wa kushoto ukishapita mlango mkubwa.