Sindano Sita za Fort Sumter

Mkisimuliwa vita vya ngome, watoto, msikimbilie kuuliza mizinga ilikuwa mingapi. Ulizeni kwanza chakula kilibaki cha siku ngapi.

Fort Sumter ni ngome ya matofali iliyojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na watu, mlangoni mwa bandari ya Charleston, Marekani. Desemba 1860 jimbo la South Carolina lilijitenga na nchi, kwa kuwa wakubwa wake waliung'ang'ania utumwa. Siku sita baadaye, giza likiingia, Meja Robert Anderson wa jeshi la serikali aliwavusha askari wake 80 na ushei kwa mashua hadi Sumter. Mizinga waliikuta. Lakini ngome ile ilijengwa kumzuia adui atokaye baharini. Sasa adui alikuwa nchi kavu, kaizunguka bandari, na soko lilikuwa mikononi mwake.

Januari 1861 serikali ilituma meli, Star of the West, na chakula na askari 200. Ikapigwa mizinga kutoka kisiwa cha Morris, ikageuza. Aprili, Rais Lincoln akamwarifu gavana wa jimbo: naleta chakula tu, msipozuia, sileti askari wala silaha. Mzee alikuwa mjanja! Atakayeipiga meli ya chakula ndiye atakayeonekana mchokozi.

Jenerali Beauregard wa upande uliojitenga, ambaye zamani alifundishwa mizinga na Anderson huyohuyo, akamtaka asalimu amri. Anderson akakataa, ila akawadokeza wajumbe wa jenerali kwamba siku chache tu zikipita njaa itawatoa.

Hawakungoja. Aprili 12, saa 10:30 alfajiri, kombora la ishara lilipasuka juu ya ngome. Sumter ilijibu asubuhi kulipokucha. Mizinga yake mikubwa ilikuwa juu, mahali pa wazi, na makombora ya mota hupaa kisha hudondoka kama maembe mabivu. Anderson akaamuru itumike ya chini tu. Risasi zake zikagonga kinga za adui zilizofunikwa vyuma vya reli, zikateleza.

Halafu kulikuwa na shida ya mifuko. Zama zile baruti ilitiwa katika mfuko wa kitambaa, ukasukumwa mdomoni mwa mzinga, ndipo risasi ikafuata. Mifuko iliyokuwa tayari ni 700. Ilipopungua, askari walichana mashati na mablanketi wakaanza kushona. Ngome nzima ilikuwa na sindano sita! Kufikia mchana mizinga iliyoendelea kulia ilikuwa sita vilevile.

Siku ya pili risasi zilizopashwa moto ziliunguza mabweni, moshi ukawakaba, mapipa ya baruti yakatupwa baharini yasije yakalipuka. Baada ya saa 34 Anderson akakubali kuondoka. Makombora yale hayakumuua mtu hata mmoja, upande wowote. Kesho yake, mizinga ikipigwa kuiaga bendera, baruti ililipuka kabla ya wakati ikamuua askari Daniel Hough.

Na chakula? Meli zilikwisha kufika nje ya bandari, zikiutazama moshi. Dhoruba ilikuwa imezitawanya mashua za kuvuta, na manowari Powhatan, iliyotegemewa sana, ilikuwa imepelekwa Florida kwa amri zilizogongana. Mojawapo ya meli hizo, Baltic, ndiyo iliyowachukua Anderson na watu wake hadi New York.