Treni imetua kutoka majuu? Soma lebo ya transfoma kwanza

Ukiishi mtaa wa Airport, huku Changamwe, mizigo ya majuu waiona mapema kuliko watu wa kisiwani. Binamu akitua Moi asubuhi, adhuhuri sanduku lishafunguliwa na watoto washaunga reli sakafuni. Ndani mna kichwa kimoja cha treni, mabehewa manne, na kijisanduku cheusi kizito chenye kitufe cha kuzungusha cha kuongeza mwendo. Shida yaonekana mwishoni: plagi ina pini mbili bapa, na soketi yetu ina matundu matatu. Mtoto atumwa dukani, aleta adapta ya plagi, mtu achomeka.

Hebu ngoja. Hiyo adapta imebadilisha umbo la pini tu. Stima ni ile ile.

Stima ya nyumbani Marekani ni volti 120, hezi 60. Yetu ni volti 240, hezi 50. Kile kijisanduku cheusi ni transfoma iliyotengenezewa stima ya kule, nawe wailisha mara mbili ya chakula chake. Chuma cha ndani chashindwa kubeba, waya zavuta stima nyingi ajabu, joto lapanda. Ukiwa na bahati, fyuzi ya ndani yakatika. Ukikosa bahati, ni moshi, na watoto wamelala kifudifudi kando yake. Hapo si treni tena, ni nyumba.

Mimi si injinia. Chuo niliacha katikati, lakini hesabu za hapa ni za kujumlisha na kuzidisha, hazitaki digrii.

Treni haina pasipoti

Shika hili moja, mengine yatajipanga: treni yenyewe haijui imetoka wapi. Inayojua ni transfoma. Kichwa cha treni kutoka Chicago na kile cha London, vikiwa vya aina moja, vyote hula volti kama 12 kutoka kwenye reli. Kwa hivyo usiitupe treni kwa sababu ya plagi. Iweke, badilisha kijisanduku.

Transfoma ni waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, kila moja na mizunguko yake. Mzunguko wa kwanza ukiwa mara ishirini ya wa pili, volti 240 zaingia na 12 zatoka. Kazi hiyo hiyo iko kwenye treni kubwa. SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, yapokea volti 25,000 kutoka waya wa juu, na kuna transfoma ndani ya treni inayozipunguza kabla hazijafika kwenye mota. Madaraka Express yetu ya pale Miritini yatumia dizeli, kwa hivyo waya huo huuoni.

Soma mistari miwili

Geuza kijisanduku chini juu, utafute lebo. Mstari wa INPUT wakuambia kinakula nini. Ukiona 100-240V, 50/60Hz, chomeka bila wasiwasi, hapo adapta ya plagi yatosha. Ukiona 120V 60Hz pekee, kirudishe sandukuni.

Mstari wa OUTPUT wakuambia kinatoa nini, na hapo kuna mambo matatu.

La kwanza ni AC au DC. Treni nyingi ndogo za kawaida zataka DC, na ukigeuza chanya na hasi, treni yarudi nyuma. Lakini Lionel za Marekani zile kubwa, na Märklin za Ujerumani, kwa desturi hutumia AC. Ukitia AC kwenye mota ya DC, treni yanguruma papo hapo, haiendi, na mota yaungua taratibu. Kama treni yako ni ya kidijitali, yenye chipu ndani, usibahatishe kabisa. Fuata kifaa kilichotajwa na kampuni iliyoitengeneza.

La pili ni volti. Chukulia tangi la maji juu ya nyumba: volti ni urefu wa tangi, ampea ni maji yanayopita kwenye bomba. Ukipandisha tangi kupita kiasi, bomba lapasuka. Ndiyo maana chaja ya laptopu ya volti 19 haifai kwa treni ya volti 12, hata kama waya zaingiana.

La tatu ni ampea. Hapa treni huchukua inachohitaji tu, kwa hivyo transfoma iwe na ziada kidogo.

Piga hesabu yako

Ukubwa wa treni ndio unaoamua. Kipimo kinachopatikana sana ni HO, reli za upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata kama 1,435, na hiyo ndiyo reli ya SGR ya Miritini. Ukitaka kuigiza ile reli ya mita moja iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, utatumia reli za milimita 12.

Kichwa cha HO cha siku hizi huvuta kama nusu ampea kikifanya kazi. Vya zamani hufika ampea moja. Tuseme una vichwa viwili vipya: ampea 1. Mabehewa sita yenye taa, kila moja ampea 0.05: jumla 0.3. Sasa una 1.3. Ongeza robo ya ziada, wafika kama 1.6. Nunua ya ampea 2. Volti 12 mara ampea 2 ni wati 24. Basi, umemaliza.

Muuzaji atakwambia chukua ya ampea 10, "itakaa zaidi". Kataa. Treni ikitoka relini, magurudumu ya chuma hugusa reli mbili pamoja, na hiyo ni shoti. Kifaa cha ampea 10 chaweza kumwaga wati 120 mahali padogo kama ukucha. Plastiki yayeyuka kabla hujafika kwenye swichi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiunge betri ya bodaboda moja kwa moja kwenye reli stima ikipotea. Ni volti 12, sawa, lakini betri haina breki. Shoti moja na waya wawa mwekundu. Kama ni lazima, weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri.

Wapi utapata

Njia ya kwanza, muombe mtu wa Uingereza. Plagi yao ni kama yetu, ya pini tatu, na stima yao ni volti 230, hezi 50. Kidhibiti cha treni kutoka huko chachomeka ukutani kwako bila adapta yoyote. Vivyo hivyo kwa jamaa wa Dubai au Muscat, kwa kawaida stima na plagi zao ni za aina hiyo.

Njia ya pili ni ya mfuko mdogo. Adapta ya kamera za CCTV, volti 12, ampea 2, DC, yapatikana duka lolote la elektroniki. Iunge na kidhibiti kasi cha mota ya DC na swichi ya kugeuza mbele na nyuma. Yote hayo yafanyika upande wa volti 12. Upande wa 240 usiufungue, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Njia ya tatu ni transfoma ya kushusha 240 hadi 110. Yafanya kazi, lakini haigeuzi hezi. Kijisanduku cha hezi 60 pekee kitapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Kwa kuchezea kila siku, mimi singeichagua.

Kabla watoto hawajaanza

Ukishaunga kila kitu, weka sarafu ya bob 20 juu ya reli zote mbili kwa sekunde moja. Kifaa kizuri chajikata papo hapo. Kisipojikata, usikitumie. Kisha endesha treni nusu saa, uguse kijisanduku: vuguvugu ni sawa, kukuchoma si sawa, na harufu ya kuungua ni ya kung'oa plagi mara moja.

Upepo wetu una chumvi, kwa hivyo pangusa reli na viungo vya waya mara kwa mara, manake kutu hufanya treni isitesite na watu hudhani transfoma imekufa. Stima ikipotea, chomoa plagi. Ikirudi, ngoja itulie ndipo uchomeke tena.