Gari la Kasi Katika Milima ya Umatengo (3): Tairi la Manyunyu na Tairi la Dimbwi

Sehemu iliyopita tuliishia kwenye shokapu. Leo ni zamu ya matairi, na nitaanza na hali ya hewa kabla ya gari lenyewe, kwa sababu mwenye Toyota Altezza anayekaa Mbinga na mwenye Altezza anayekaa Dodoma hawahitaji tairi la aina moja, hata kama magari yao yalishuka katika meli moja.

Mji wa Mbinga uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay, kiasi cha kilometa 66 kwa lami, iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na meta 500. Katikati ni milima, kona na mteremko. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha huja miezi ya baridi, ambapo kule juu asubuhi huamka na ukungu na lami imelowa bila mvua yoyote kunyesha. Ukishuka ziwani wakati wa masika unakutana na kitu kingine kabisa: mvua nzito ya muda mfupi, maji yanayokatiza barabara na madimbwi kwenye tambarare.

Kwa hiyo dereva wetu ana maji ya aina mbili katika safari moja, na kila aina inalidai tairi kitu tofauti. Wengi huenda dukani wakiwa wanaifikiria moja tu.

Tuanze na dimbwi, kwa kuwa ndilo linaloogopwa zaidi. Tairi linapofika kwenye maji yenye kina, lazima liyasukume kando au liyapitishe kwenye mifereji iliyo kati ya kashata kabla mpira haujagusa lami. Chukua tairi la upana wa milimeta 215, mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na maji ya kina cha milimeta 2. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 9 kila sekunde, karibu nusu ndoo, kwa tairi moja tu. Maji yakikosa njia ya kutokea hujibana mbele ya tairi na kulinyanyua. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, na kuanzia hapo anayeendesha ni abiria kama wenzake.

Mwaka 1963, Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye viwanja vilivyolowa, walieleza kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea sana upepo uliojazwa ndani yake. Kwa vipimo vyetu: tafuta kipeuo cha pili cha upepo kwa paundi, kisha zidisha kwa 16.7, utapata kilometa kwa saa. Tairi kipara lenye upepo wa 32 huelea kwenye kilometa 94 hivi. Likiwa na 24, ni kilometa 82. Kanuni hiyo ilitokana na matairi ya ndege, na mifereji mizuri huusogeza mwendo huo juu zaidi, lakini somo lake kwa watu wa Mbinga liko wazi. Wapo wanaopunguza upepo ili wajinasue kwenye matope ya barabara za vijijini msimu wa mvua, halafu wakishaikamata lami wanakanyaga mafuta kama kawaida. Hapo wamejipunguzia usalama kwa mikono yao.

Sasa yaje manyunyu, na hapa ningependa tukae kidogo, maana ndiyo yanayodharauliwa.

Ukungu hauleti dimbwi. Unaacha utando mwembamba juu ya lami, na utando huo unachanganyika na vumbi, mafuta yaliyodondoka na mpira uliosagika. Kwa upande wa Kitai, ambako malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita, ongeza na vumbi la mkaa. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi yana utelezi zaidi kuliko mvua ya Februari, kwa sababu mvua kubwa husafisha barabara na manyunyu huikoroga tu. Kwenye utando wa namna hii, kina cha mifereji hakisaidii sana, kwani hakuna maji mengi ya kuhamisha. Kinachofanya kazi ni mpira wenyewe.

Lami ina vinundu vidogo vya kokoto. Mpira laini hubonyea juu ya kila kinundu, kisha hurudi katika umbo lake kwa kuchelewachelewa. Katika kuchelewa huko nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto, na ndipo gari linapokamata hata kama maji yamezuia mpira usinate moja kwa moja. Mpira uliozeeka na kukakamaa haubonyei. Unateleza juu ya vinundu. Ndiyo maana mwaka 1992, Michelin ilipoingiza silika kwenye mpira wa matairi ya magari madogo mahali pa sehemu kubwa ya masizi meusi, lilikuwa jambo kubwa: tairi liliweza kuvingirika kwa wepesi bila kupoteza mshiko kwenye barabara yenye maji.

Nadhani msomaji ameshaona ninakoelekea. Tairi la mtumba lililotoka Japani likiwa na kashata ndefu, linalong'aa kwa dawa ya kupaka, linaweza kufaa kwenye dimbwi na likakuangusha kwenye ukungu. Soma ubavuni. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Likiwa limepita miaka sita, mimi silichukui hata kwa bei ya kutupa. Bonyeza kashata kwa ukucha. Ukihisi kama unabonyeza plastiki, rudisha. Angalia pia alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Hilo ni tairi la majira ya baridi kali, mpira wake ni laini mno kwa joto la ziwani, na kashata zake zilizochanwachanwa huyumba kwenye kona.

Kuna kosa la upande wa pili, la wapenda mbio. Magari mengine huja na matairi ya mashindano, yenye mifereji michache na namba ya TREADWEAR 200 au chini yake. Mpira wake hushika sana ukishapata moto. Saa kumi na mbili asubuhi, katika baridi ya Julai pale Mbinga, haupati moto. Tafuta tairi la barabarani lenye namba ya 300 na kuendelea, na neno TRACTION lifuatiwe na A au AA. Ukilipata lenye lebo ya Ulaya, herufi ya mshiko kwenye maji huanzia A hadi E. Usishuke chini ya B. Alama ya TRACTION hupimwa kwa breki za kwenda mbele moja kwa moja, haisemi neno juu ya kona, hivyo isikulevye.

Upana nao. Altezza RS200 ilitoka na 215/45R17, na vijana wengi wanataka kuongeza, wafike 225 au 235, gari "likae chini". Mimi ningeenda kinyume. Tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha milimeta 632 dhidi ya 625, tofauti ya asilimia moja tu, mradi rimu ipite kwenye kalipa za breki na ubadilishe yote manne. Linapasua maji vizuri zaidi, ubavu wake mrefu unavumilia mashimo, na hupatikana kwa urahisi. Halipendezi sana kwenye picha, nakiri. Pesa inayobaki isiende kwenye spika.

Wenye Subaru za magurudumu manne yanayovuta wasinunue tairi moja. Gurudumu dogo huzunguka haraka kuliko mengine, na difu ya katikati hufanya kazi isiyo yake hadi inaungua. Kwa Altezza, ukiweza kununua mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Mafundi wengi watakubishia, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Lakini gari likiteleza mbele utalihisi na kupunguza mwendo. Likiteleza nyuma kwenye kona ya mteremko, linageuka kabla hujafikiri. Na simama hapo wakati wa kufunga: matairi yenye mshale wa mwelekeo nimeyaona yakifungwa kinyume, mifereji ikikusanya maji badala ya kuyatoa.

Kikomo cha kisheria katika nchi nyingi ni milimeta 1.6, pale vijiti vya TWI, yaani alama ya uchakavu iliyo ndani ya mifereji, vinapolingana na kashata. Kwa masika ya ziwani, badilisha kwenye 3.

Swali moja dogo la fizikia kabla ya kufunga. Ukijaza upepo 32 Mbinga, ukipima Mbamba Bay utasoma ngapi? Hewa ya nje ni nzito zaidi huko chini, hivyo kipimo kingeshuka kwa zaidi kidogo ya paundi moja. Lakini joto la ziwani hupandisha karibu kiasi hicho hicho. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na usiliguse tena njiani.

Sehemu ijayo: breki, na kwa nini giya ndogo ni ya lazima kwenye mteremko wa kwenda ziwani.