Mtoto Asiyeweza Kusimama Mahali pa Mzazi

Katika lugha za programu kama Java, C++ na Python, mwandishi wa programu huanza na klasi, yaani maelezo ya vitu vya aina fulani: vinabeba taarifa gani na vinaweza kufanya nini. Klasi moja inaweza kurithi nyingine. Ukishaandika klasi ya Gari, hulazimiki kuanza upya ukitaka Lori. Unatangaza kwamba Lori linarithi Gari, kisha unaongeza uzito wa mzigo. Kushuka hivyo kutoka aina pana hadi aina finyu ni ubainishaji. Kupanda, ukaona Lori na Basi vina mambo ya pamoja ukayakusanya katika klasi moja ya juu, ni ujumlishaji. Wengi wanaojifunza fani hii huambiwa kwamba faida kubwa ya urithi ni kupunguza kazi ya kuandika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote, na imeharibu programu nyingi. Urithi ni ahadi: popote anapotumika mzazi, mtoto anaweza kuwekwa na kazi ikaendelea salama.

Ukirudi kwenye asili ya wazo lenyewe utaona kwamba ahadi hiyo ilikuwapo tangu mwanzo. Lilizaliwa Oslo katika miaka ya 1960, katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakiunda Simula, lugha ya kuigiza ndani ya kompyuta shughuli zenye foleni na kusubiriana. Foleni haina haja ya kujua kama aliyesimama ndani yake ni lori, meli au mteja. Inachohitaji ni kwamba kila mmoja aweze kuingia, kungoja na kutoka. Kwa hiyo wawili hao walitafuta njia ya kuandika sifa za pamoja mara moja, zije kutumika hata kwa aina za vitu ambazo bado hazijafikiriwa. Jibu lao, lililojengwa juu ya mapendekezo ya Tony Hoare, lilitoka katika Simula 67. Ujumlishaji ndio uliokuwa hitaji. Kupungua kwa maandishi kulifuata nyuma yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, Barbara Liskov wa MIT aliieleza ahadi hiyo waziwazi katika hotuba, na mwaka 1994 yeye na Jeannette Wing wakaichambua kwa kina: aina ndogo haitambuliwi kwa majina ya amri zake tu, bali kwa mwenendo wake.

Ushahidi wa kinachotokea ahadi ikipuuzwa umo ndani ya Java yenyewe. Klasi ya Stack ni rundo: kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Lakini waundaji wake waliifanya irithi Vector, orodha inayokubali kitu kuingizwa popote, kwa sababu msimbo wa kuhifadhi vitu ulikuwa tayari umeandikwa. Matokeo yake, yeyote anaweza kupenyeza kitu chini kabisa ya rundo kwa amri halali iliyorithiwa. Klasi ya Properties, iliyokusudiwa kubeba maandishi peke yake, ilirithi Hashtable inayopokea chochote, na sasa maelezo rasmi ya Java yanawasihi watumiaji wasiguse baadhi ya amri ilizorithi. Kosa la ukoo namna hii halifutiki kirahisi, maana programu za zamani zimeshaliegemea.

Hata ukoo ulio sahihi unaweza kusaliti. Joshua Bloch, katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, alitoa mfano ambao kila mwanafunzi angepaswa kuujaribu kwa mkono wake. Chukua HashSet, klasi ya Java ya kuhifadhi mkusanyiko wa vitu, uirithi, uongeze kihesabio cha vitu vilivyoingizwa. Amri ya kuingiza kimoja inaongeza 1. Amri ya kuingiza vingi inaongeza idadi yao, kisha inamwachia mzazi amalizie. Ingiza vitu 3 kwa mpigo, kihesabio kinasema 6. Mzazi, kumbe, huingiza vingi kwa kuita amri ya kuingiza kimoja, na amri hiyo sasa ni ya mtoto. Hakuna aliyekosea hesabu. Mtoto ametegemea jambo la ndani ambalo mzazi hakuwahi kuliahidi.

Kuna pingamizi lenye uzito: dunia yenyewe imepangwa kwa aina, na mraba ni mstatili, apende asipende mwandishi wa programu. Katika jiometri ni kweli. Ila mraba wa jiometri haubadiliki, na kitu kilicho ndani ya kompyuta mara nyingi hubadilika. Mwambie mstatili upana wako uwe 5, kisha urefu wako uwe 4, nawe una haki ya kutarajia eneo la 20. Mraba uliorithi amri hizo, ukijilinda ubaki mraba, utakupa 16. Ziondoe amri za kubadilisha vipimo, na urithi unakuwa halali tena. Kinachopimwa, basi, ni matarajio ya atakayekitumia kitu hicho.

Wengine husema afadhali urithi uachwe kabisa, na kweli Go na Rust hazina urithi wa klasi. Siwafuati hadi huko. Lugha hizo zimeacha kurithishana msimbo, lakini zimebaki na ujumlishaji: aina inakubaliwa kwa yale inayoweza kutenda, na foleni ya Oslo ingefanya kazi humo bila shida. Na pale klasi mzazi ilipoandikwa makusudi irithiwe, ikaeleza wazi ni amri zipi mtoto anaruhusiwa kuzibadilisha, urithi wa msimbo nao hufaa sana. Ndiyo maana navutiwa na uamuzi wa Kotlin, lugha inayotumika sana kutengeneza programu za simu za Android: klasi yake hairithiki mpaka mwandishi aitangaze kuwa wazi. Java nayo, katika toleo la 17 la mwaka 2021, ilimruhusu mzazi kuwataja kwa majina watoto anaowakubali.