Sura ya Sita: Land Rover Inapokataa Mlima

Mwenye Land Rover Series III akilalamika kuwa gari halina nguvu, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye distributa. Analegeza bolti, anaizungusha kidogo huku injini ikinguruma, anasikiliza, anakaza. Gari linatoka gereji limechangamka. Baada ya majuma machache linarudi na ugonjwa ule ule. Sikio la fundi huenda ni zuri sana, lakini katika injini hii taimingi inapaswa kuguswa mwisho, kwa sababu karibu kila kinachochakaa ndani yake huichelewesha.

Tunazungumzia injini ya petroli ya lita 2.25, yenye silinda nne, iliyoanza kufungwa mwaka 1958 na kuendelea hadi miaka ya 1980. Silinda zake huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Moto wa plagi hautakiwi kuruka pistoni ikiwa imeshafika kileleni, kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui mara moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenkshafti hupita nyuzi 18 kwa kila elfu moja ya sekunde. Moto uliochelewa hapo huikuta pistoni inateremka tayari, na joto ambalo lingeisukuma linaishia kwenye ekzosi. Ndiyo maana gari lenye taimingi ya nyuma huchemsha, hunywa mafuta na kuburuta miguu mlimani, vyote kwa pamoja. Taimingi ikiwa mbele mno, injini hugonga ukikanyaga mafuta, na hendeli inaweza kurudi kwa teke la kuvunja mkono. Unapoizungusha, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine.

Anza na platini. Pengo lake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino chake husugua kwenye shafti ya distributa kila siku, kinalika, na pengo linapungua. Pengo likipungua, platini huchelewa kufunguka, na moto nao huchelewa. Mabadiliko haya huja polepole kiasi kwamba dereva huyazoea. Anaanza kupanda kwa gia ya pili pale alipokuwa akipanda kwa ya tatu, na anaulaumu umri wa gari. Ukipanga taimingi kabla ya kurekebisha pengo, umefanya kazi bure, maana ukigusa pengo baadaye taimingi inahama tena.

Cheni ya taimingi ina hila zaidi. Distributa ya injini hii huendeshwa na kamshafti, na kamshafti huendeshwa na cheni. Cheni ikirefuka, valvu zinachelewa na moto unachelewa. Kuzungusha distributa kutaurudisha moto mahali pake, ila valvu zitabaki nyuma, na injini itatulia vizuri pale gereji huku ikiendelea kukosa pumzi barabarani.

Kisha fungua distributa utazame chini ya bamba la platini. Kuna vizito viwili vyenye springi, ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka na kusogeza moto mbele. Vikishikwa na kutu, taimingi itakuwa sahihi injini ikiwa sailensa na mbovu kwenye mwendo. Shika rota, ipindishe upande inakozungukia, uiachie: lazima irudi yenyewe.

Sasa ndipo upange. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Unganisha balbu ndogo kati ya waya wa koili unaokwenda kwenye distributa na bodi, washa swichi, kisha zungusha hendeli taratibu hadi silinda ya kwanza iwe kwenye mgandamizo na alama ifike nyuzi 6 kabla ya kilele, kwa injini ya mgandamizo wa 7:1. Zungusha distributa hadi balbu iwake papo hapo. Hiyo ndiyo sekunde platini inapofunguka. Kwa injini ya 8:1 alama ni nyingine. Fuata kitabu chake.

Kabla ya kuhukumu injini, mwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku wewe ukitazama kabureta. Utashangaa ni mara ngapi valvu yake haifunguki yote. Gusa pia ngoma za breki baada ya mwendo mfupi. Iliyo ya moto kuliko wenzake inashika. Na aliyetoa gari Mombasa kwenda Nairobi asahau kudai nguvu zile zile: injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, na Nairobi iko juu ya mita 1,600.

Jambo la mwisho ni mgandamizo. Injini hizi zilizoea petroli yenye risasi, na nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Bila risasi, viti vya valvu za ekzosi vinaweza kulika, valvu ikazama na pengo lake la milimita 0.25 likazibika, hapo haifungi tena sawasawa. Pima silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili ndani yake upime upya. Kipimo kikipanda, pete za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu, na silinda hedi inabidi ishuke.