Si Kila Apepesukaye Amelewa

Askari hufundishwa kumtambua adui kwa sare yake, kwa mwendo wake na kwa silaha aliyoishika. Lakini yuko adui asiyevaa sare, naye huingia kambini ndani ya pakiti ya vidonge iliyotolewa kwa nia njema. Huyo ni dawa ya kisukari inapozidi kiasi, au inapomezwa pasipo chakula. Twataka kulizungumza jambo hili na ndugu zetu wa jeshi na polisi walioko Jinja na Mbale, kwa kuwa linawahusu mara mbili: wako walio wagonjwa, na wote ni walinzi wa wagonjwa.

Kisukari si maradhi ya matajiri wa mjini. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, upande wa mashariki wa Jinja, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta nayo watu kama 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 35 hadi 60. Wala hatuji hapa kuzitukana dawa. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali alikuwa akisubiri kaburi tu. Anayeacha dawa yake kwa hofu hujiua pia. Tunalosema ni kwamba dawa hizi zina sheria zake, kama bunduki ilivyo na sheria zake.

Yako makundi mawili yanayofaa kujulikana. Kundi la kwanza ni insulini, pamoja na vidonge kama glibenklamidi, ambavyo wengi huviita Daonil. Vidonge hivyo hulilazimisha kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hakula. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 katika kipimo, hatari imeanza. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho la baridi, na moyo humwenda mbio. Ubongo, ambao chakula chake ni sukari, ukianza kukosa, ulimi huwa mzito, miguu hupepesuka, na mtu mpole hugeuka mkali. Baadaye huja degedege, kuzimia, na hata kifo.

Sasa polisi wa doria na afikiri. Usiku wa manane, karibu na soko la Jinja au katika njia za Mbale, amkute mtu anayeyumba, anayetukana, asiyeweza kulitaja jina lake. Ni rahisi kusema amelewa, atupwe korokoroni alale mpaka asubuhi. Lakini kama ni sukari iliyoshuka, asubuhi hiyo huenda isimkute hai. Hata harufu ya pombe haimalizi shauri, kwa maana waragi na malwa hulizuia ini lisitoe sukari ya akiba, na mgonjwa aliyekunywa bila kula yu hatarini zaidi.

Askari mwenyewe naye ajihadhari. Amemeza kidonge alfajiri, kisha zamu imerefuka na chakula kimechelewa. Au amefanya gwaride refu tumbo tupu. Au amefunga Ramadhani bila kumwuliza daktari. Kwinini huweza kuishusha sukari, na Septrin huweza kuiongezea nguvu glibenklamidi. Figo zikichoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa za lazima, liliandika kwamba glibenklamidi haiwafai waliopita miaka 60. Wazee wetu waliostaafu jeshini walisikie hilo.

Kundi la pili ni metfomini, dawa njema inayotumiwa na wengi kuliko zote. Hiyo peke yake huishusha sukari kupita kiasi kwa nadra. Lakini figo zikishindwa kazi, au mwili ukikaushwa na kuhara na kutapika, dawa hurundikana na damu hujaa asidi. Fenfomini, ndugu yake wa karibu, iliondolewa katika maduka ya Marekani katika miaka ya 1970 kwa sababu hiyo hiyo. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kasi na usingizi mzito. Mwenye kuziona asingoje kesho.

Tena wako wanaouza vidonge vya nguvu za kiume kandokando ya barabara. Mwaka 2008 huko Singapuri watu wapatao 150 walilazwa hospitali kwa kuishiwa sukari, na 4 wakafa. Wengi wao hawakuwa na kisukari. Walikuwa wamemeza vidonge vya namna hiyo vilivyochanganywa na glibenklamidi kwa siri. Askari asijinunulie mauti sokoni.

Msaada wa kwanza ni mwepisi. Kakira, jirani ya Jinja, imesaga miwa tangu miaka ya 1930, na sukari haikosekani katika kambi wala kituo. Mgonjwa anayeweza kumeza apewe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, angojewe dakika 15, na asipopata nafuu apewe tena; kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale, na pakiti ya dawa zake ipelekwe pamoja naye. Hata akizinduka asirudishwe nyumbani upesi, kwani kidonge huweza kumwangusha mara ya pili kabla ya siku kwisha.

Mkuu wa zamu naye ana wajibu wake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 23, yampa aliyefungiwa haki ya kupata matibabu. Basi kila mahabusu aulizwe: je, una maradhi, na watumia dawa gani? Jibu liandikwe kitabuni, na dawa itolewe pamoja na chakula. Askari mgonjwa naye amwambie mkuu wake na mwenzake wa zamu, na aweke sukari mfukoni. Si aibu, aibu ni kumpoteza mtu kwa kukosa vijiko vitatu vya sukari.